Ndugu Yetu Aliye Juu ya Nguzo

Kefar-Nura, tarehe 12 ya Nisani, mwaka wa 530 wa Antiokia

Kwa kaka yangu Zabdai, huko mjini,

Amani iwe nyumbani mwako, kwako na kwa wifi Domna na kwa watoto. Sisi huku tunapumua. Mama anakula vizuri, ila jicho la kushoto limefunga kabisa, na la kulia linaona vitu kama viko nyuma ya pazia. Hataki aambiwe. Juzi alimsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mke wa msaga unga. Tulipocheka akasema alijua ni mbuzi, lakini mbuzi naye ni wa kusalimiwa. Tekla wangu ameota meno mawili ya chini. Mume wangu Maruta anakusalimu. Kinu cha mafuta kimepumzika hadi mavuno ya zeituni, kwa hiyo naye amepumzika, na anapumzika kwa bidii sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni Abda.

Unakumbuka mdogo wetu alipanda nguzo ile ya watawa, asali juu yake bila kushuka, akiwa na miaka kumi na tisa, akasema ni kwa Kwaresima moja tu. Tangu majira ya baridi anasimama kwa mguu mmoja. Watawa wanasema ni nadhiri mpya. Lakini Maruta alipanda na kikapu cha mkate siku ya Epifania, akashuka rangi imemtoka. Aliniambia, "Mguu wa kushoto umeoza, Shamuni. Harufu unakutana nayo ngazini." Akaenda kumweleza Abuna Baso, mkuu wa watawa. Tangu siku hiyo ngazi inafungiwa ndani, na wanaopanda ni watawa wenyewe tu.

Mama akaenda langoni. Mwanamke haruhusiwi kupita ukuta unaozunguka nguzo, hilo unalijua, hata kama ni mama wa mtu. Akamwambia bawabu, "Nenda ukamwambie ni mimi, namuuliza habari ya mguu."

Bawabu akaenda, akarudi. "Amesema mtaonana katika ufalme ujao, mama."

"Huo nimeusikia kanisani. Mimi nauliza mguu."

"Ndilo jibu alilotoa."

Mama akakaa chini pale pale ukutani, upande wa kisima. Sasa huenda kila siku. Mimi humpeleka asubuhi na kumrudisha jua likikaribia kuzama.

Kaka, wewe ni mwanamume, wewe ni damu yake, na wewe unaishi mjini, watakuogopa kidogo. Njoo upande ukamtazame. Ikiwezekana umshushe. Ningeweza kumwomba mtu mwingine, ila hayupo.

Mdogo wako,
Shamuni

---

Antiokia, tarehe 20 ya Haziran, mwaka wa 530

Kwa mdogo wangu Shamuni, na kwa Mama, mkono wake naubusu,

Barua yako ilinifikia wiki ya Pentekoste ikiwa imelowa mafuta, kwa kuwa mchuuzi uliyempa aliiviringisha kwenye shingo ya mtungi. Nimeisoma kwa kuishikilia juani. Sisi ni wazima. Domna amejifungua mtoto wa kike, anaitwa Maria, ana sauti ya mpiga mbiu. Kazi ipo. Natandaza vijiwe vya rangi katika sakafu ya nyumba ya sala, tausi wawili na mzabibu, na magoti yangu yananikumbusha kila jioni kwamba sina ishirini tena.

Hamjui huko kijijini jinsi ndugu yetu alivyo mkubwa hapa. Kinyozi wa mtaa wetu ametundika kidongo cha baraka juu ya mlango, kile cha udongo wa chini ya nguzo, kimepigwa chapa ya Abda amesimama na malaika wawili. Nilikinunua kimoja. Wamemtia ndevu za mzee hadi kiunoni na pua ndefu. Kama si nguzo nisingemtambua. Jirani yetu alipopata habari kwamba mimi ni kaka yake, alikuja kuomba kipande cha shati langu kwa ajili ya mwanawe mwenye degedege. Domna akamwambia shati lipo kwenye kufuliwa. Jirani akasema, "Afadhali hilo ambalo halijafuliwa." Tukalikata mkono.

Shamuni, mimi ni mtu wa sakafu. Sijui mambo ya juu. Kama Mungu amempa mguu ule, sisi ni nani? Hata hivyo nimekwenda kwa tabibu wa soko la kitani, na hii hapa dawa ya kupaka, asubuhi na jioni, baada ya kuosha kwa divai. Na shali la kahawia ni la Mama.

Kaka yako,
Zabdai

---

Kefar-Nura, tarehe 8 ya Abu, mwaka wa 530

Kwa kaka Zabdai,

Mungu amkuze Maria, na amjalie wifi maziwa ya kutosha. Mama amejitanda shali, halivuliwi hata kwa jua hili. Anasema linanuka mjini. Tekla anasimama akishika kuta.

Umeniandikia habari za kinyozi, na vidongo, na mkono wa shati. Hukuniandikia kama unakuja.

Dawa niliipeleka mwenyewe hadi langoni, nikamkabidhi Abuna Baso mkononi. Kesho yake niliikuta nje, bakuli lile lile, mtawa anawapaka mahujaji kwenye vipaji vya nyuso. Nikamfuata Abuna.

"Abuna, ile dawa ni ya mguu wake."

Si mtu mbaya, Zabdai, ndilo linalonichosha. Alinishika kichwa kama baba. "Binti yangu, mguu wake hauhitaji dawa. Mguu wake ndio dawa."

"Unamuuma."

"Unamuuma sana," akasema, na machozi yakamtoka kweli. Halafu akaitwa, kulikuwa na watu wamefika na mgonjwa kwenye kitanda.

Kuna jambo jingine. Watu wa Telmara wameweka walinzi wenye marungu upande wa pili wa ukuta. Nasi wa Kefar-Nura tukaweka wetu. Maruta ni mmoja wao. Nilimuuliza mezani, "Mnamlinda Abda asidhuriwe?"

"Tunamlinda asiibwe."

"Ataibwaje na yuko juu kule?"

"Si sasa. Watu wa Telmara wanataka wafike kwanza, yaani, akishakuwa..." Akachovya mkate, akautafuna muda mrefu. Telmara wanasema kijiji chao ndicho kilichomlisha mwanzoni, kwa hiyo mwili ni wao.

Na watawa wamekwisha kumchongea jeneza la jiwe. Limewekwa chini ya nguzo yenyewe, kifuniko kimeegemezwa kando. Bila shaka analiona kila akiinama.

Kila mtu hapa anamngoja, kaka. Mama peke yake anangoja jibu. Nakuomba usinitumie kitu. Njoo.

Shamuni

---

Antiokia, tarehe 3 ya Eluli, mwaka wa 530

Kwa Shamuni,

Nakuja. Mwambie Mama, baada ya sikukuu ya Msalaba, pindi nitakapomaliza shingo ya tausi wa pili. Nilikuwa naogopa watanizuia langoni kama walivyomzuia Maruta, lakini nimepata njia. Shemasi mmoja wa nyumba ya askofu huja kukagua sakafu yetu, mtu mpole, anasema taratibu. Nilipomweleza undugu wangu aliniuliza kama familia ina malalamiko yoyote dhidi ya watawa. Nikasema hatuna, tunataka kumwona ndugu yetu tu. Ameniandikia waraka wenye muhuri. Baso hatathubutu kuurudisha.

Usimpe Mama matumaini makubwa. Mpe ya wastani.

Zabdai

---

Antiokia, tarehe 2 ya Tishri wa Pili, mwaka wa 531

Kwa Shamuni,

Nilifika salama, na mwaka mpya umetukuta wazima. Domna anashukuru kwa tini kavu, watoto walizimaliza kabla sijavua viatu. Maria anakohoa, lakini si sana. Barua hii isome peke yako, kisha itie motoni, Mama asije akamwomba mtu amsomee.

Pale nyumbani niliwaambia kwamba Abda ana amani, kwamba anamwombea Mama asubuhi na jioni, na kwamba mguu unapata nafuu. Ulinitazama kwa lile jicho la marehemu Baba. Sikuweza kusema mbele ya Mama, na kesho yake nikaondoka mapema ili usipate nafasi ya kuniuliza.

Ngazi ni ndefu kuliko inavyoonekana ukiwa chini. Kule juu hakuna nafasi ya mtu kulala. Kuna ukingo unaofika kiunoni, basi. Nilimkuta ameuegemea, amefumba macho. Hakunijua mpaka nilipomwita Kifaranga. Akacheka, Shamuni. Meno ya mbele hayapo.

"Zabdai," akasema, "umenenepa."

"Nawe umekonda."

"Mama hajambo?"

Nikamwambia Mama huja ukutani kila siku. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa neno la lugha ngeni.

"Mama huja hapa?"

"Si ulimtumia ujumbe? Kwamba mtaonana katika ufalme ujao."

"Nani kasema nimesema hivyo?"

Akageuza kichwa polepole kuelekea kisima. "Kuna kikongwe hukaa pale, amejitanda shali la kahawia. Nimekuwa nikimwombea kwa sababu nilidhani hana mtu."

"Ndiye."

Aliendelea kukitazama kisima. Nikamwambia nimekuja kumshusha.

"Nilishaomba kushuka," akasema. "Mwaka ule baada ya kufa Baba. Nilimwambia Baso, nimechoka, nishusheni, nitasali chini kama watu wengine. Akalia, akapiga magoti hapo hapo uliposimama. Akasema watu wameacha mashamba wakajenga nyumba za wageni. Akasema wagonjwa wako njiani, wengine wanatoka Armenia. Atawaambia nini? Nikasema haya, wapite kwanza hawa walioko njiani." Akajifuta mdomo kwa mkono. "Ila njiani, Zabdai, watu hawakomi."

"Na sasa?"

"Sasa mguu hauwezi ngazi. Nishushwe kwa kamba, na wanaume wanne wa kuishika. Utawapata wapi wanaume wanne hapa?"

Nikachungulia chini. Wanaume walikuwa wengi, wetu na wa Telmara, wote wameinua nyuso. Nilimwona Maruta. Shamuni, sikuona hata mmoja ambaye angeishika kamba ile, na wala siwalaumu, kila mmoja ana watoto wanaolishwa na mahujaji.

Aliniomba maji, nikamnywesha, nikashuka.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja kwa shemasi nikamweleza yote, hata meno. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, "Tutamleta mjini. Askofu ataomba askari." Nikambusu mkono. Watafika kabla ya theluji. Hapa kuna matabibu, na chumba changu cha nyuma Domna amekwisha kukifagia. Usimwambie mtu, hata Maruta.

Zabdai

---

Kefar-Nura, tarehe 15 ya Kanuni wa Kwanza, mwaka wa 531

Kwa kaka Zabdai,

Tunaendelea kwa neema. Zeituni zilikuwa nyingi, Maruta ananuka kinu hadi nywele. Je, kikohozi cha Maria kimeisha? Mpe maji ya asali.

Barua yako niliichoma, lakini jambo moja sikuweza kulichoma. Nilimwambia Mama, "Anakuona. Analijua shali lako." Kesho yake alipokaa mahali pake, akanyanyua mkono. Nikatazama juu.

"Amenyanyua?" akauliza.

"Amenyanyua, Mama."

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Basi ni yeye," akasema. "Nilimchapa sana kwa sababu ya mkono ule."

Mahujaji wote wakaanguka kifudifudi wakidhani wamebarikiwa. Tangu hapo imekuwa kila siku, asubuhi. Yeye haoni, mimi ndiye macho. Zabdai, Mama ameanza kuimba akikanda unga.

Askari wako walifika wiki iliyopita, arobaini hivi, na gari la kukokotwa na maksai. Nilipoliona lile gari nilimshukuru Mungu. Nikakimbia kumwandalia blanketi. Lakini hawakupanda. Wamepiga mahema karibu na kisima, wanapika, wanacheza dadu. Nikamwendea mkubwa wao, mtu wa Thrakia mwenye Kisiria cha kuvunjika-vunjika.

"Bwana, mnangoja nini?"

"Tumetumwa kumchukua mtakatifu."

"Basi mchukueni. Yule pale."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiye na akili timamu. "Mama," akasema, "bado yuko hai."

Sikuelewa mara moja. Nikasema ndiyo, yuko hai, mguu ndio mbaya, ngazi ile kule, kamba ninayo nyumbani. Akasema amri waliyopewa ni kwamba mwili usiangukie mikononi mwa vijiji. Juu ya mtu aliye hai hawana amri.

Kaka, uliwaambia nini? Au wao walikuambia nini? Rudi kwa shemasi leo hii unaposoma. Theluji imeanza kwenye vilima, naye Abda hana vazi zaidi ya ngozi moja.

Shamuni

---

Antiokia, tarehe 11 ya Kanuni wa Pili, mwaka wa 531

Kwa Shamuni,

Barua yako nimeipata leo asubuhi, barabara ilikuwa imefungwa na theluji. Sijala. Nimetoka kwa shemasi. Nilimwambia, "Uliniahidi mtamleta." Akasema, "Tutamleta." Nikasema, "Akiwa hai." Akakunja mikono. "Hilo halikutajwa. Nani atathubutu kumshusha mtakatifu kutoka mahali alipowekwa na Mungu? Ungependa askofu aitwe mtu aliyemshusha?"

Nikapiga kelele. Wakanitoa nje kwa upole, walinishika viwiko tu.

Nimemwomba mwenye nyumbu mmoja anibebe, amekataa hadi theluji iyeyuke. Nimemwomba mwingine. Barua hii inakwenda na askari wa posta, pengine itatangulia. Mfunike, Shamuni. Sijui kwa njia gani. Mwambie Maruta amrushie hata gunia.

Maria hakupona. Tulimzika Jumapili. Sikutaka kukuandikia, lakini Domna amesema nikuandikie.

Zabdai

---

Kefar-Nura, tarehe 19 ya Shubati, mwaka wa 531

Kwa kaka Zabdai na wifi Domna,

Namlilia Maria. Sikuwahi kumbeba. Nimewasha taa kwa ajili yake, na Mama amelitaja jina lake.

Barua yako ilifika wakati haina kazi tena. Habari umekwisha kuzisikia, mji mzima umezisikia, lakini nakuandikia zile ambazo hawatangazi.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Mama akanyanyua mkono. Nikatazama juu. Alikuwa amesimama kama kawaida, ameegemea ukingo, kichwa kimeinama.

"Amenyanyua?"

Nikangoja. "Bado anasali, Mama."

Akanyanyua tena. Nikaona jinsi theluji ilivyokaa mabegani mwake na haianguki. Nikasema, "Amenyanyua."

Kesho yake nikasema tena, na kesho kutwa tena. Watawa walikuwa wamemfunga kwa mkanda kwenye ukingo ili askari wasijue, wapate muda wa kumtia katika jeneza lao. Mimi nilijua, na Abuna Baso alijua. Tulipishana langoni, tukashindwa kutazamana.

Siku ya tatu askari wakagundua. Telmara wakaruka ukuta, wetu wakawakabili, askari wakawapiga wote. Mtu wa Telmara amepoteza jicho. Maruta amevunjwa mkono na ubao wa ngao, sasa namlisha kama Tekla. Halafu wakamshusha kwa kamba. Wanaume wanne, Zabdai. Walipatikana mara moja, wakagombana na wengine waliotaka kushika.

Mama alisikia mlio wa magurudumu, akajua. Akanyanyuka mwenyewe, akaenda kuelekea lile gari kwa kupapasa. Watu walikuwa wamelizunguka wanachana vazi la Abda. Akasema, "Nipisheni, nimguse. Mimi ni mama yake."

Afadhali angenyamaza. Mwanamke mmoja akageuka: "Mama yake? Tumbo lililomzaa?" Wakamwacha Abda wakamjia yeye. Walilichukua shali. Walichukua ushungi. Walimvuta nywele, kaka, nyeupe zile, mtu na shungi lake, wanalia na kumbusu huku wanamvuta. Mimi nilimlalia juu mpaka yule Mthrakia akaja na fimbo. Tulipoinuka, gari lilikuwa limefika mwisho wa barabara.

Hakumgusa. Nilitaka ujue hilo. Ana jeraha kichwani, nyonga inamuuma, anakula kidogo. Aliniuliza jambo moja tu: siku zile tatu, nilikuwa naona nini? Nikamwambia nilichoona. Hakunikasirikia.

Wewe unaye Abda huko mjini. Nenda ukamtazame uso, utuambie.

Shamuni

---

Antiokia, tarehe 25 ya Adari, mwaka wa 531

Kwa Mama na Shamuni,

Sisi tupo. Domna hasemi sana. Namwombea Maruta mkono wake.

Uso sikuuona. Walimfikisha usiku wakamtia ndani ya sanduku lililofunikwa fedha, liko nyuma ya kimia cha shaba katika kanisa kuu. Siku ya maandamano walinipa nafasi, nyuma ya waoka mikate na mbele ya wafua mabati. Mishumaa ilikuwa mingi, askofu mwenyewe alitembea bila viatu. Watu walilia kweli. Mimi nilijaribu kulia nikashindwa, nilikuwa nafikiria ule mguu, kama waliuosha.

Shemasi aliniita tena. Hakutaja kelele zangu. Kasisi mmoja anaandika habari za maisha ya Abda, zitasomwa kila mwaka, na walitaka kujua alikuwaje utotoni. Nikawaambia. Kwamba aliogopa mabata bukini. Kwamba alitumia mkono wa kushoto na Mama akamchapa. Kwamba aliiba jibini ya Baba akampa mbwa mwenye watoto, akachapwa mara ya pili. Kwamba aliimba vibaya. Kasisi aliandika yote, au alionekana anaandika.

Mama, njoo. Hapa hakuna anayewazuia wanawake, wanapiga magoti hadi kwenye kimia, wanapenyeza vidole. Nitakodi nyumbu mpole. Chumba cha nyuma kimefagiliwa.

Zabdai

---

Kefar-Nura, tarehe 30 ya Iyari, mwaka wa 531

Kwa kaka Zabdai,

Salamu kutoka kwetu sote, na kwa wifi hasa. Mwambie hata asiposema, nasikia. Tekla anatembea. Mkono wa Maruta umeunga, umepinda kidogo, kinu kinamngoja. Mahujaji wanaendelea kuja kwenye nguzo tupu, karibu wengi kama zamani. Nguzo sasa iko wazi kwa wote, wanawake tunapita hadi chini yake, hakuna anayejali.

Mama hatakuja. Nilimsomea barua yako, akauliza, "Nikifika nitamgusa?" Nikasema atagusa shaba. Akasema shaba ipo hata hapa, kuna sufuria. Baadaye akasema nyonga haiwezi nyumbu, nayo ni kweli pia. Usimlazimishe.

Zile habari za maisha yake zimefika. Abuna Baso alizisoma Jumapili, amesimama juu ya lile jeneza la jiwe lililobaki tupu. Amezeeka. Mama alitaka kwenda, nikampeleka, tukakaa katikati ya umati. Nilimfunga ushungi mzito ili asijulikane, ingawa sikuwa na haja. Hakuna aliyemtazama.

Mabata hayamo, kaka. Wala jibini, wala mkono wa kushoto. Imeandikwa kwamba akiwa na miaka mitano alimkemea nyoka akapasuka. Imeandikwa kwamba alipanda nguzo na hakutamani kushuka hata saa moja. Abuna alipofika hapo alikohoa, akaendelea. Na imeandikwa kwamba wazazi wake walifariki angali mchanga, na kwamba hakuwa na ndugu katika dunia hii.

Nilimshika Mama mkono. Alikuwa ameinua uso anasikiliza, kama anavyosikiliza habari za mtu wa kijiji kingine.

Kando yake alikaa mwanamke wa kutoka mbali, kijana, analia na kidongo cha baraka kifuani. Akamgeukia Mama. "Bibi, wewe ulimwona akiwa hai?"

"Nilikuwa nakaa hapa karibu," Mama akasema.

"Ulikuwa nani wake?"

Mama akafikiri. Nilidhani atasema. Nilijiweka tayari kumlalia tena.

"Jirani tu," akasema.

Yule mwanamke akafuta macho. "Maskini mama yake. Kufa bila kumwona mwanawe hivi."

"Hakumwona," Mama akasema.

Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka, tukarudi nyumbani polepole, kwa sababu ya nyonga.

Hayo ndiyo ya huku. Tuandikie mkiwa na nguvu.

Mdogo wako,
Shamuni